Yukio Edano, wakili aliyeingia katika siasa za Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Yukio Edano ni nani?

Ni mwanasiasa wa Japani, kitaaluma wakili, aliyezaliwa tarehe 31 Mei 1964 mjini Utsunomiya, mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Kati ya 2010 na 2012 alishika nyadhifa tatu za uwaziri, moja baada ya nyingine, katika serikali ya Chama cha Kidemokrasia. Mwaka 2017 alianzisha chama chake mwenyewe, na wiki tatu baadaye kikawa chama kikuu cha upinzani. Nje ya Japani watu wengi hawalijui jina lake lakini sura wanaikumbuka: yule bwana wa koti la buluu la kazi aliyekuwa akitokea kwenye televisheni Machi 2011, usiku na mchana, kueleza hali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima.

Jina la Yukio alipewa kwa heshima ya Yukio Ozaki, mwanasiasa aliyekaa bungeni tangu uchaguzi wa kwanza wa 1890 hadi 1953. Babu yake Edano alimhusudu sana mzee huyo. Kwa hiyo siasa ilikuwa kwenye jina kabla haijawa kazi, ingawa familia yenyewe haikuwa ya wanasiasa.

Uwakili aliupataje?

Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, akahitimu 1987. Mwaka uliofuata alifaulu mtihani wa taifa wa sheria akiwa na miaka 24. Leo ukisema mtu kafaulu mtihani huo inaweza isikushtue, lakini enzi zile ulikuwa chujio kwelikweli. Kila mwaka watahiniwa zaidi ya 20,000 walikuwa wakigombea nafasi kama 500 tu. Wapo waliorudia miaka kumi wakakata tamaa. Na ukishafaulu hujawa wakili bado: ulilazimika kupitia mafunzo ya miaka miwili katika taasisi ya Mahakama ya Juu Kabisa ya Japani, ukiwa darasa moja na watakaokuwa mahakimu na waendesha mashtaka. Edano alisajiliwa kuwa wakili mwaka 1991.

Mawakili wa Japani hupewa beji ndogo ya kubandika kwenye ukosi wa koti. Ina umbo la ua la alizeti, na katikati pana mizani. Ndani ni fedha, juu imepakwa dhahabu, na kadiri miaka inavyopita dhahabu inachujuka na rangi ya fedha inajitokeza. Mteja akiona beji iliyofifia anajua yuko mbele ya mkongwe. Ya Edano haikupata muda wa kufifia, kwa sababu miaka miwili baada ya kusajiliwa alikuwa tayari anavaa beji nyingine, ile ya wabunge yenye ua la krisanthemo.

Kwa hiyo uwakili wake ulikuwa wa jina tu?

Wa muda mfupi, ndiyo. Ukitafuta kesi kubwa aliyoshinda mahakamani hutaipata, na watu wanaomsifu kama "wakili mashuhuri" wanatia chumvi. Sheria inaonekana kwake mahali pengine: katika namna anavyozungumza. Kila sentensi kaipima na kuiwekea mpaka, isije ikasema zaidi ya alichokusudia. Tabia hiyo ilimjengea jina, na tabia hiyohiyo, kama utakavyoona kwenye suala la Fukushima, ilimletea lawama ambazo hazijamwachia.

Mtu asiye na baba mwanasiasa aliingiaje bungeni akiwa na miaka 29?

Swali zuri, maana Japani viti vya ubunge hurithiwa mno. Mtoto huchukua jimbo la baba, pamoja na mtandao wa wafadhili na jina linalojulikana tayari. Edano hakuwa na chochote cha aina hiyo. Alichokuwa nacho ni bahati ya wakati.

Mwaka 1992 Morihiro Hosokawa, aliyewahi kuwa gavana wa Kumamoto, alianzisha Nihon Shinto, yaani Chama Kipya cha Japani, na chama hicho kikatangaza nafasi za wagombea kwa watu wa kawaida. Edano akaomba, akakubaliwa. Katika uchaguzi wa Julai 1993 alichaguliwa kutoka mkoa wa Saitama, jirani na Tokyo. Umri wa kugombea bunge la chini ni miaka 25 na bunge la juu ni 30, hivyo mlango uliokuwa wazi kwake ulikuwa mmoja tu. Uchaguzi huohuo ndio uliokitoa madarakani chama cha LDP, yaani Chama cha Kiliberali cha Kidemokrasia, kwa mara ya kwanza tangu kilipoundwa 1955, na Hosokawa akawa waziri mkuu. Edano akawa mbunge wa chama tawala siku ya kwanza kazini.

Mbona amebadilisha vyama mara nyingi?

Vyama ndivyo vilivyokuwa vikivunjika na kuungana chini ya miguu yake. Nihon Shinto haikudumu. Akaenda chama kidogo cha Sakigake mwaka 1994. 1996 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Kidemokrasia pamoja na Naoto Kan na Yukio Hatoyama. Humo akakaa miaka ishirini. Kwa mwanasiasa wa upinzani wa kizazi chake, huo si uhamaji wa kutisha.

Ni jambo gani lililomtambulisha mwanzoni?

Kashfa ya damu. Katika miaka ya 1980 wagonjwa wa himofilia, ambao damu yao haigandi, walitibiwa kwa dawa zilizotengenezwa na damu ambayo haikuwa imepashwa moto kuua virusi. Zaidi ya watu 1,000 waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Wizara ya afya ilidai kwa miaka kwamba nyaraka za uamuzi ule hazionekani. Edano alikuwa mmoja wa wabunge vijana walioling'ang'ania suala hilo, na mwaka 1996 Naoto Kan, akiwa waziri wa afya, aliwabana maofisa wake mpaka nyaraka zikapatikana, kisha akawaomba radhi waathirika kwa niaba ya serikali. Urafiki wa kisiasa wa Kan na Edano ulikomaa hapo, na miaka kumi na mitano baadaye wawili hao walijikuta pamoja katika mtihani mkubwa zaidi.

Ile "kusafisha bajeti" ya 2009 ilikuwa nini?

Agosti 2009 Chama cha Kidemokrasia kilishinda viti 308 kati ya 480. Ahadi yao moja ilikuwa kuondoa matumizi ya hovyo. Novemba hiyo serikali iliweka meza katika ukumbi wa michezo mtaa wa Ichigaya, Tokyo, ikawaita maofisa wa wizara waje kutetea miradi yao hadharani, mmoja mmoja, kama saa moja kwa kila mradi. Miradi 447 ilipitishwa kwenye tanuri hilo. Raia yeyote aliruhusiwa kuingia kutazama, na wengine wengi walifuatilia kwenye intaneti.

Edano alikuwa kiongozi wa timu ya wahoji. Kazi ilimfaa, kwa sababu ilikuwa ni kuhoji shahidi tu: nani kaamua, kwa ushahidi gani, fedha zinakwenda kwa nani. Nyota wa televisheni, hata hivyo, alikuwa mbunge mwenzake Renho, aliyeuliza kuhusu kompyuta kuu ya taifa kama kuna ubaya gani kuwa wa pili duniani. Wanasayansi walichukia mno.

Je, fedha ziliokolewa? Kidogo kuliko walivyoahidi. Lengo la yeni trilioni 3 halikufikiwa hata kwa mbali. Mimi naona faida ilikuwa kwingine: wananchi waliwaona wakuu wa wizara wakibabaika kujibu maswali mepesi. Februari 2010 Edano aliteuliwa waziri wa kusimamia mageuzi hayo. Juni akahamishiwa ukatibu mkuu wa chama, Julai chama kikashindwa uchaguzi wa bunge la juu, Septemba nafasi ikaenda kwa mwingine.

Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri ni cheo gani? Ni sawa na Katibu Mkuu Kiongozi wa Tanzania?

Si sawa. Katibu Mkuu Kiongozi ni mtumishi wa umma. Wa Japani ni mwanasiasa, ana hadhi ya waziri, na ndiye mkono wa kulia wa waziri mkuu: anaratibu wizara na ni msemaji wa serikali. Siku za kazi huzungumza na waandishi mara mbili, asubuhi na alasiri. Huingia, huinamia bendera, hupanda jukwaani. Hakuna anayeonekana na Wajapani mara nyingi kumzidi.

Kuhusu uwaziri na ubunge, katiba ya Japani inataka mawaziri walio wengi wawe wabunge. Tanzania wote hutoka bungeni. Kenya, kwa katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge. Japani iko katikati, ingawa kwa vitendo karibu wote ni wabunge.

Edano aliteuliwa tarehe 14 Januari 2011, akiwa na miaka 46, chini ya Waziri Mkuu Naoto Kan. Hata miezi miwili haikutimia kabla ya maafa ya Machi.

Machi 2011 alifanya nini hasa?

Ijumaa tarehe 11 Machi, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga pwani ya kaskazini mashariki. Tsunami ikafuata. Watu zaidi ya 15,000 walikufa, wengi mno kwa maji. Katika kituo cha Fukushima Daiichi umeme ulikatika, jenereta za dharura zikazama, vinu vikakosa maji ya kupoza.

Saa 1:03 jioni serikali ilitangaza hali ya dharura ya nyuklia, na Edano ndiye aliyetoka kuieleza. Usiku huo watu waliokaa ndani ya kilomita 3 waliambiwa waondoke. Alfajiri ikawa kilomita 10. Jioni ya Jumamosi, kilomita 20. Tarehe 15 waliokuwa kati ya kilomita 20 na 30 wakaambiwa wajifungie ndani, na tarehe 25 wakashauriwa waondoke kwa hiari. Fikiria uko kilomita 25 na una mzazi mgonjwa kitandani: duara linakufuata kwa siku kumi na nne, na kila tangazo linatolewa na mtu yuleyule kwa sauti ileile tulivu.

Jumamosi saa 9:36 mchana jengo la kinu namba 1 lililipuka. Televisheni ilionyesha moshi mweupe ukitawanyika. Nchi nzima imekwisha kuona, lakini ofisi ya waziri mkuu haina taarifa kamili kutoka kampuni ya umeme ya TEPCO. Edano akapanda jukwaani karibu saa 12 jioni na kusema kumetokea "aina fulani ya tukio la mlipuko". Wakili huyo! Hakuwa na uthibitisho kuwa ni mlipuko wa nini, basi hakusema. Baadaye usiku huo, alipothibitishiwa kuwa ni haidrojeni iliyolipuka ndani ya jengo na si kinu chenyewe, alieleza vizuri kuliko ambavyo TEPCO ilikuwa imejieleza yenyewe.

Siku zilivyozidi macho yakawa mekundu, na watu wakaanza kumwonea huruma. Kwenye Twitter Wajapani waliandika maneno "edano nero", yaani "Edano, nenda kalale". Kulikuwa na picha, vikatuni, mpaka mzaha kuhusu masikio yake makubwa. Katika serikali iliyokuwa ikilaumiwa na kila mtu, yeye alikuwa uso pekee ulioaminiwa, kwa muda.

Kwa nini basi alilaumiwa?

Kwa kauli moja: kwamba viwango vya mionzi vilivyopimwa "havina athari ya mara moja kwa afya". Kisheria kauli hiyo haina kasoro. Haikusema hakuna madhara, ilisema hakuna ya papo hapo. Lakini mama aliye Fukushima na mtoto mchanga hasikilizi kama hakimu. Akisikia "si mara moja" anauliza: na baada ya miaka kumi? Jibu la hilo halikutolewa.

Novemba 2011, alipobanwa bungeni, Edano alijitetea kwa hesabu: katika wiki mbili za kwanza alifanya mikutano 39 na waandishi, kauli ile aliitumia mara 7, na 5 kati ya hizo zilihusu vyakula na vinywaji, kwamba mtu akila au akinywa mara moja au mbili hadhuriki. Mahakamani utetezi huo ungeweza kumshinda mwendesha mashtaka. Kwa mkulima aliyemwaga maziwa yake haukusaidia kitu. Naamini alikuwa mkweli, na naamini pia kwamba ukweli uliopimwa namna ile huwaacha watu gizani.

Ni kweli aliamuru neno "kuyeyuka" kwa vinu lisitumike?

Hilo limeenea sana mtandaoni, basi tuliweke sawa. Mafuta ya nyuklia katika vinu vitatu yaliyeyuka, na TEPCO ilikuja kukiri hadharani Mei 2011, miezi miwili baadaye. Mwaka 2016 jopo lililoundwa na TEPCO lilisema rais wa kampuni wakati ule aliwaelekeza watu wake wasitumie neno hilo, na likakisia kwamba maelekezo yalitoka ofisi ya waziri mkuu. Kan na Edano hawakuhojiwa na jopo hilo. Edano alikanusha vikali, chama chake kikapinga ripoti. Tume huru ya bunge, iliyotoa ripoti yake Julai 2012 baada ya kumhoji Edano hadharani, iliita ajali nzima "maafa yaliyosababishwa na binadamu" na kugawa lawama kwa serikali, wadhibiti na kampuni.

Alikuwaje waziri wa uchumi, biashara na viwanda?

Kwa ajali ya mwenzake. Septemba 2011 Yoshihiko Noda alichukua uwaziri mkuu, na waziri wake wa wizara hiyo, Yoshio Hachiro, akauita ukanda wa karibu na Fukushima "miji ya kifo". Siku chache tu ofisini, akajiuzulu. Edano akaingia tarehe 12 Septemba, akakaa hadi Desemba 2012.

Kipindi hiki hakizungumzwi sana, na mimi naona ndicho kilichoacha alama za kudumu. TEPCO ilikuwa inazama kwa madeni ya fidia. Edano akashikilia msimamo kwamba serikali haiwezi kumwaga fedha za walipa kodi bila kupata usukani. Mwaka 2012 serikali iliingiza yeni trilioni 1 na kupata zaidi ya nusu ya kura za wanahisa. Kampuni ilipoomba kupandisha bei ya umeme wa majumbani kwa asilimia 10.28, ikaruhusiwa 8.46. Tarehe 1 Julai 2012 ukaanza mpango wa kulazimisha makampuni kununua umeme wa jua na upepo kwa bei maalumu, yeni 42 kwa uniti ya jua. Bei nono, ndiyo sababu ukisafiri Japani leo unaona paneli za jua hata kando ya mashamba ya mpunga.

Yalimkuta pia ya kumtia doa. Mei 2012 vinu vyote vya nchi vilikuwa vimezimwa. Mwezi mmoja kabla, Edano alikuwa amesafiri hadi Fukui kumwomba gavana akubali vinu viwili vya Oi viwashwe, kwa hofu ya umeme kupungua wakati wa kiangazi. Viliwashwa Julai, huku maelfu wakiandamana mbele ya ofisi ya waziri mkuu. Septemba serikali hiyohiyo ikatangaza lengo la kuachana na nyuklia ndani ya miaka ya 2030. Desemba wapiga kura wakawafagia: viti 57 tu vikabaki, na LDP ya Shinzo Abe ikarudi.

Chama chake mwenyewe kilizaliwaje?

Kwa kukataliwa. Septemba 2017 Edano alishindwa na Seiji Maehara kugombea uongozi wa chama chao, kilichokuwa kimebadili jina. Abe akaitisha uchaguzi wa ghafla. Maehara akaamua wabunge wajiunge na chama kipya cha Gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, naye Koike akasema wasiokubaliana na misimamo yake kuhusu katiba na usalama ataachana nao. Wengi wa mrengo wa kushoto wakabaki barabarani wiki chache kabla ya kura.

Mtandaoni watu wakaanza kumhimiza: "Edano, simama". Tarehe 2 Oktoba alitokea mbele ya waandishi akiwa peke yake, akatangaza Rikken Minshuto, Chama cha Kidemokrasia cha Katiba. Akaunti ya chama kwenye Twitter ilikipita chama cha LDP kwa wafuasi ndani ya siku chache. Tarehe 22 Oktoba wakapata viti 55 kutoka kama 15. Chama cha Koike kikaambulia 50.

Kwa nini "katiba" kwenye jina?

Kwa sababu ya 2014 na 2015. Serikali ya Abe ilibadili tafsiri ya kifungu cha 9, kinachokataza vita, bila kubadili katiba yenyewe, kisha ikapitisha sheria za kuruhusu jeshi kusaidia nchi washirika. Hoja ya Edano ni ya kiwakili: katiba ni pingu za watawala, na mfungwa hawezi kujilegezea pingu mwenyewe. Usimdhanie mjamaa, mara kwa mara hujiita mhafidhina.

Ile hotuba ndefu ilikuwa ya muda gani?

Saa 2 na dakika 43, tarehe 20 Julai 2018, akiwasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Abe. Wakati huo ilikuwa ndefu kuliko zote zilizorekodiwa katika bunge la chini tangu 1972, hadi ilipopitwa 2024. Hoja yenyewe ilianguka, kama ilivyotarajiwa, lakini hotuba ilichapishwa kitabu.

Mbona hakuwahi kuwa waziri mkuu?

Nafasi ya karibu ilikuwa Oktoba 2021. Vyama vitano vya upinzani, wakiwemo Wakomunisti, vilikubaliana kusimamisha mgombea mmoja katika majimbo zaidi ya 200. Mahali pengine mbinu hiyo ilizaa matunda, lakini ushirika na Wakomunisti uliwatia hofu wapiga kura wa katikati na baadhi ya vyama vya wafanyakazi, na Edano, akiogopa kusema zaidi ya alichokubaliana, hakuwahi kueleza kwa lugha nyepesi serikali yao ingekuwaje. Chama, ambacho tangu 2017 kilikuwa kimeongeza wabunge, kikashuka hadi viti 96. Akajiuzulu uongozi. Septemba 2024 alijaribu tena, akashindwa na Noda katika duru ya pili kwa pointi 180 dhidi ya 232. Baada ya uchaguzi wa mwezi uliofuata alikabidhiwa uenyekiti wa kamati ya katiba ya bunge la chini.

Kuna mawakili wengine waliopita njia hiyo?

Wapo wengi. Aliyemtangulia Edano kwenye ukatibu mkuu wa baraza la mawaziri, Yoshito Sengoku, alikuwa wakili. Sadakazu Tanigaki wa LDP alishika fedha na baadaye sheria. Masahiko Komura alikuwa waziri wa mambo ya nje mara mbili. Mizuho Fukushima alifukuzwa uwaziri Mei 2010 kwa kukataa kuweka sahihi uamuzi wa kuhamishia kambi ya Wamarekani Henoko, Okinawa. Na Tomomi Inada aliacha uwaziri wa ulinzi Julai 2017 baada ya sakata la kumbukumbu za kila siku za wanajeshi wa Japani waliokuwa Sudan Kusini: zilisemwa zimeteketezwa, kumbe zipo.